Anayemuua mwanahabari asipoadhibiwa, anayenyamazishwa ni wewe

USIKU wa Oktoba 23, 2022, gari aina ya Toyota Land Cruiser lilikuwa likitoka pande za Magadi, Kaunti ya Kajiado, likielekea Nairobi. Ndani mlikuwa na dereva na abiria mmoja. Abiria huyo alikuwa Arshad Sharif, mwanahabari wa Pakistan mwenye umri wa miaka 49. Polisi waliokuwa wameweka kizuizi barabarani walilimiminia gari hilo risasi. Dereva alipona. Sharif hakupona.

Wakenya wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza asubuhi iliyofuata. Kwao Pakistan, hata hivyo, hakuwa mtu wa kutambulishwa. Kwa miaka mingi alikuwa akionekana kwenye runinga, na katika kituo cha ARY News aliwahoji wakubwa na kuwauliza maswali ambayo wengi huogopa kuyauliza, yakiwemo yanayohusu jeshi la nchi hiyo. Mnamo Agosti 2022, baada ya kupokea vitisho na kuandamwa na mashtaka ya uchochezi, alifunga virago na kuondoka nchini mwake. Alipitia Dubai, kisha akaja Kenya. Alikuja kujificha kwetu, na kwetu ndiko alikofia.

Maelezo ya polisi yalikuwa kwamba walikosea gari. Walisema walikuwa wakilitafuta gari lililoibwa Nairobi likiwa na mtoto ndani, na kwamba lile la Sharif lilipita kizuizini bila kusimama. Baadaye ikaripotiwa kuwa afisa mmoja alikuwa amepata jeraha la risasi mkononi. Shida ya maelezo hayo ni moja. Gari lililokuwa likisakwa lilikuwa Mercedes-Benz Sprinter. Sprinter ni ile vani ndefu kama matatu. Land Cruiser, hata mtoto wa chekechea anaitofautisha nayo. Nambari za usajili nazo zilikuwa tofauti.

Desemba mwaka huo, wachunguzi waliotumwa na serikali ya Pakistan walitoa ripoti yao wakisema hayo hayakuwa makosa, bali mauaji yaliyopangwa. Huku kwetu serikali ikashikilia hadithi yake: tulikosea gari.

Sasa, tuseme ilikuwa kweli ni makosa. Hata dereva wa matatu akimgonga mtu kwa bahati mbaya, si hupelekwa kortini akajieleze? Basi mbona aliyefyatua risasi hakupelekwa?

Mjane asiyechoka

Aliyelipeleka swali hilo mahakamani ni mjane wa Sharif, Javeria Siddique, ambaye pia ni mwanahabari. Mwaka mmoja baada ya kifo cha mumewe, Oktoba 2023, yeye pamoja na Chama cha Wanahabari Kenya (KUJ) na chama cha waandishi wa mashinani (KCA) waliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu ya Kajiado. Hebu fikiria kidogo. Mama yuko Pakistan, maelfu ya kilomita kutoka hapa, hajui korti zetu wala wakubwa wetu, lakini anaishtaki serikali ya Kenya kwenye mahakama ya Kenya.

Julai 8, 2024, Jaji Stella Mutuku aliamua kwamba mauaji hayo yalikuwa kinyume cha sheria na yalikiuka haki za Sharif. Aliagiza familia ilipwe Sh10 milioni. Pia aliagiza uchunguzi ukamilishwe na waliohusika wachukuliwe hatua.

Ulikuwa ushindi, hakuna ubishi. Lakini utazame vizuri. Hizo Sh10 milioni haziwezi kutoka mfukoni mwa aliyefyatua risasi. Pesa za serikali ni pesa za ushuru, maanake ni wewe unaponunua bando za intaneti. Na hadi siku hukumu ilipotolewa, karibu miaka miwili baada ya tukio, hakuna afisa hata mmoja aliyekuwa amepandishwa kizimbani. Kwa hivyo mahakama ilisema mtu ameuawa kinyume cha sheria, mlipa ushuru akaambiwa alipe, na wenye bunduki walikuwa hawajaulizwa lolote mbele ya hakimu.

Hivyo ndivyo mtu anavyokwepa adhabu katika nchi yenye sheria nzuri. Kipengele cha 34 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari. Cha 33 kinalinda uhuru wako wa kujieleza. Cha 26 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi. Sheria tunazo. Tunachokosa ni mtu wa kuibeba faili kutoka meza moja hadi nyingine mpaka ifike mwisho.

Kesi haizimwi siku moja

Ukizifuatilia kesi hizi utaona zinafanana, ziwe za Kenya ama za kwingineko. Hakuna anayetangaza kwamba kesi imezimwa. Huzimika yenyewe taratibu, kama jiko la makaa lililoachwa nje.

Kwanza inatoka taarifa ya haraka. Mara ilikuwa ajali, mara walikosea gari, mara amejiumiza mwenyewe. Taarifa hiyo inaenea kabla daktari hajaupasua mwili. Pili, uchunguzi unaanza, na mara nyingi anayechunguza ni mwenzake anayeshukiwa, wanaovaa sare moja na kula meza moja. Tatu, faili inaanza kutembea kutoka kwa polisi hadi IPOA, kutoka IPOA hadi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, halafu inarudishwa kwa sababu kuna karatasi inayokosekana. Nne, mashahidi wanachoka, wanahama, wanatishwa. Tano ndiyo mbaya zaidi: sisi tunasahau. Kunazuka jambo jingine mtandaoni nasi tunahamia huko.

Shirika la UNESCO limekuwa likihesabu kesi hizi kote ulimwenguni. Kwa mujibu wa ripoti yake ya 2024, asilimia 85 ya mauaji ya wanahabari hayajatatuliwa. Yaani katika kila kesi 20, 17 hazina majibu. Jambazi anayeiba kuku kijijini ana hofu zaidi ya kufungwa kuliko mtu anayetaka kumuua mwanahabari.

Umoja wa Mataifa uliitenga Novemba 2 kuwa siku ya kupinga hali hii. Tarehe yenyewe ina kaburi ndani yake. Novemba 2, 2013, wanahabari wawili wa redio ya RFI ya Ufaransa, Ghislaine Dupont na Claude Verlon, walitekwa na kuuawa huko Kidal, kaskazini mwa Mali.

Wasio na jina kubwa

Sharif alikuwa na jina kubwa, na bado haki imekuwa ngumu. Sasa mfikirie yule wa mashinani, anayezunguka kwa bodaboda akitafuta habari za kaunti yake. Wengi wao hawajaajiriwa. Wanalipwa kwa kila habari iliyochapishwa. Hawana bima, hawana wakili wa kampuni, hawana hata ofisi ya kukimbilia. Wanaishi mtaa mmoja na watu wanaowaandika, na wanakutana nao sokoni na kanisani.

Francis Nyaruri alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa akiliandikia gazeti la Weekly Citizen kutoka eneo la Nyamira, mara nyingine kwa jina la bandia la Mong'are Mokua. Alikuwa ameandika kuhusu ufisadi uliodaiwa kuwepo katika ujenzi wa nyumba za polisi. Januari 15, 2009, alitoweka. Wiki mbili baadaye mwili wake ulipatikana katika msitu wa Kodera, ukiwa umekatwa kichwa. Kesi ya mauaji yake ilikokotwa kwa miaka mingi. Kijana aliyekuwa akianza darasa la kwanza wakati huo leo ni mtu mzima mwenye kitambulisho.

Sasa jiulize: baada ya hapo, ni nani Nyamira aliyetaka kuandika tena kuhusu nyumba za polisi?

Hapo ndipo lilipo lengo lenyewe. Anayemuua mwanahabari hana haja ya kuwaua wote. Anamuua mmoja, halafu anangoja aone kama ataulizwa. Asipoulizwa, wengine wanalisoma onyo hilo wenyewe. Mwandishi anaifuta habari kabla ya kuituma. Mhariri anasema, "Hii tuiache kwanza." Chanzo cha habari kinazima simu. Hakuna aliyepigwa siku hiyo, na hakuna takwimu itakayoonyesha kitu. Wewe utafungua gazeti ukute habari za mapenzi ya wasanii, udhani kaunti yako haina wezi.

Kutoka koti la PRESS hadi akaunti ya X

Labda unasema, "Mimi si mwanahabari, hayo hayanihusu." Twende polepole.

Julai 16, 2024, wakati wa maandamano ya Gen Z, mwanahabari Catherine Wanjeri wa Kariuki wa Kameme TV alikuwa kazini mjini Nakuru. Alikuwa amevaa koti lenye maandishi makubwa ya PRESS. Alipigwa risasi za mpira mguuni. Koti hilo huvaliwa ili polisi waone kwamba huyu si mwandamanaji, yuko kazini. Likiwa halimkingi tena anayelivaa, basi hata wewe unayenasa video ukiwa kando ya barabara na fulana ya kawaida huna kinga yoyote.

Mwaka uliofuata, Juni 25, 2025, vijana walirudi barabarani kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja awali. Siku hiyo Mamlaka ya Mawasiliano (CA) iliagiza vituo vya redio na runinga vikome kupeperusha maandamano moja kwa moja, na vituo vilivyokaidi, vikiwemo NTV na KTN, vikazimwa mitambo. Mahakama Kuu ilisitisha agizo hilo. Lakini saa ambazo skrini zilikuwa giza, waliobaki wakituonyesha kinachoendelea ni nani? Ni vijana wenye simu.

Na wenye simu wameshaonja. Albert Ojwang alikuwa mwalimu mwenye umri wa miaka 31, na pia alikuwa akiandika mtandaoni. Juni 7, 2025, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kuhusiana na chapisho kwenye mtandao wa X lililomhusu naibu wa Inspekta Jenerali wa Polisi. Akasafirishwa kwa barabara hadi Nairobi, akafungiwa Kituo cha Polisi cha Central. Kufikia asubuhi ya Juni 8 alikuwa amefariki. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa mwili ukaonyesha majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo, mambo ambayo mtu hawezi kujifanyia kwa kujigonga ukutani.

Ile taarifa ya haraka ilikuwa imeshatolewa, kama kawaida. Lakini mara hii mambo hayakufuata njia ya kawaida. Kulikuwa na daktari aliyesema alichokiona. Kulikuwa na familia iliyosimama imara. Kulikuwa na wanahabari waliouliza kuhusu kamera za kituo hicho, na vijana waliojaa barabarani. Mwezi haukuisha kabla ya watu sita, wakiwemo maafisa wa polisi, kushtakiwa kwa mauaji. Walikana mashtaka, na ni kazi ya mahakama kuamua. Hata hivyo, linganisha: hapa mwezi haukuisha, na kule Kajiado karibu miaka miwili ilipita bila mtu kizimbani. Tofauti ni kwamba safari hii watu walikataa kuondoka mlangoni.

Picha ya Iringa na korti ya Arusha

Majirani zetu wa Tanzania wana funzo lao. Septemba 2, 2012, Daudi Mwangosi, mwanahabari wa kituo cha Channel Ten na mwenyekiti wa chama cha wanahabari mkoani Iringa, alikuwa kijiji cha Nyololo akifuatilia shughuli ya chama cha Chadema. Polisi walimzingira na kumpiga, kisha bomu la kutoa machozi likafyatuliwa karibu kabisa na mwili wake. Akafa pale pale.

Ingekuwa rahisi kutoa taarifa ya haraka na mambo yakaisha. Lakini wenzake walikuwa na kamera. Picha zikamwonyesha akiwa katikati ya maafisa wenye marungu na bunduki, nazo zikachapishwa magazetini. Mwaka wa 2016, afisa mmoja alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa miaka 15 gerezani. Picha zilionyesha maafisa kadhaa, aliyefungwa ni mmoja. Haki ilikuja nusu, lakini ilikuja, na iliyoileta ni picha.

Arusha nako kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ndiyo iliyosikiliza kesi ya Norbert Zongo, mwanahabari wa Burkina Faso aliyeuawa Desemba 13, 1998 pamoja na wenzake watatu, gari lao likateketezwa. Alikuwa akichunguza kifo cha dereva wa kaka yake rais. Korti za kwao ziliishia kuitupa kesi. Familia haikukubali. Machi 2014, zaidi ya miaka 15 baadaye, majaji wa Arusha waliamua kwamba serikali ya Burkina Faso haikufanya bidii kuwasaka na kuwashtaki wauaji. Hii ina maana kwamba serikali haina hatia tu inapoua. Ina hatia pia inapokaa ikitazama faili ikiota kuvu.

Sasa wewe ufanye nini?

Si lazima usomee uanahabari. Kuna mambo madogo ambayo yameonekana kusaidia, na yote yanatoka kwenye kesi hizi hizi.

Ukinasa video ya mwanahabari au raia akipigwa, usiifute ile ya asili baada ya kuichapisha. Mitandao huibana video na kuondoa maelezo ya saa na mahali, na hayo ndiyo wakili anayoyatafuta. Weka nakala sehemu mbili, moja ikiwa kwa mtu unayemwamini. Andika tarehe, saa, jina la barabara, na nambari ya gari la polisi kama ulifaulu kuiona. Usiweke muziki wala vibandiko. Na kabla ya kuchapisha, angalia kama umeonyesha uso wa mtu anayeweza kuandamwa kwa sababu yako.

Usidharau kazi hiyo. Makala ya BBC ya 2025, Blood Parliament, iliyowatambua maafisa waliowapiga waandamanaji risasi nje ya Bunge Juni 25, 2024, ilitegemea picha na video zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa zimenaswa na watu wa kawaida waliokuwepo.

Jambo la pili ni kupiga ripoti. IPOA hupokea malalamishi ya raia dhidi ya polisi, na si lazima uwe na wakili. Baraza la Vyombo vya Habari (MCK) hupokea ripoti za wanahabari walioshambuliwa. Ukipiga ripoti, dai nambari yake uihifadhi. Nambari hiyo ndiyo itakayokuwezesha kurudi mwezi ujao kuuliza, "Mmefika wapi?"

La tatu ndilo gumu: kukumbuka. Sisi ni hodari wa kuwasha moto mtandaoni. Heshitegi inapanda leo, kesho kutwa imepoa. Wanaotaka kesi ife wanalijua hilo vizuri kutuliko sisi wenyewe. Hawabishani na sisi, wanatusubiri tu tuchoke. Klabu ya wanahabari chuoni, kikundi cha kanisa, hata kundi la WhatsApp la mtaa linaweza kuchukua kesi moja tu na kuifuata: tarehe za korti, jina la jaji, imeahirishwa mara ngapi na kwa sababu gani. Kesi inayotazamwa na watu 20 kila inapotajwa si rahisi kuzimika gizani.

Na kama unasomea uanahabari, ukihitimu ujiunge na chama. Kesi ya Kajiado haikufunguliwa na mjane peke yake. Alisimama na KUJ na chama cha waandishi wa mashinani. Anayeandika akiwa peke yake ni rahisi kumtisha.

Kuna wanaosema wanahabari nao wana makosa yao, kwamba wengine hupokea bahasha na wengine hupotosha. Ni kweli, wapo. Kwa hao kuna Baraza la kulalamikia, kuna korti ya kashfa, kuna haki ya kujibu. Hakuna popote katika sheria za Kenya palipoandikwa kwamba habari mbaya hujibiwa kwa risasi.

Novemba 2 ikifika, viongozi watatoa hotuba na kusema mambo matamu kuhusu uhuru wa vyombo vya habari. Waache wamalize, uwapigie makofi ukitaka. Kisha uwaulize swali moja tu: waliolimiminia risasi lile gari la barabara ya Magadi watasimama kizimbani lini?